Simba wa Tsavo tunawajua, Ungan Singh je?

Ndugu msomaji, leo nianze na swali moja dogo tu. Unamjua Ungan Singh?

Usikimbilie kumtafuta mtandaoni, nijibu kwanza. Humjui, sivyo? Usione haya. Mimi mwenyewe nilikuwa simjui mpaka juzijuzi, na shahada ya chuo kikuu ninayo, mama kaitundika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa. Lakini nikikuuliza habari za simba wala watu wa Tsavo, utanisimulia mpaka jogoo awike.

Haya basi. Ungan Singh ni mmoja wa watu walioliwa na simba hao. Alikuwa jemadari, Msikh mwenye mwili na nguvu zake, kwenye kambi ya wajenzi wa reli pale Tsavo. Usiku mmoja wa Machi 1898 simba aliingiza kichwa kwenye mlango wa hema, akamkamata kooni kwa kuwa yeye ndiye aliyelala karibu na mlango. Jamaa alipiga kelele aachwe, akamkumbatia simba shingoni wakipambana, akaburutwa gizani. Habari hizo aliziandika mhandisi Mwingereza, John Henry Patterson, katika kitabu chake cha 1907.

Patterson aliwaua simba wawili Desemba 1898. Akatandika ngozi zao nyumbani kama mazulia miaka nenda miaka rudi, halafu mwaka 1925 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field Museum kule Chicago. Wako huko hadi leo, wamejazwa wakasimamishwa, watoto wa Kimarekani wanapanga foleni kuwatazama. Patterson naye akatengenezewa filamu na Hollywood mwaka 1996. Simba wana kioo na taa. Mzungu ana kitabu na filamu. Ungan Singh ana aya chache katika kitabu cha mtu mwingine. Tena huyo ana bahati, maana jina lake limetajwa! Walioletwa kutoka India kujenga reli ile kati ya 1896 na 1901 walikuwa kama 32,000, na karibu 2,500 walikufa. Wengi walitoka Punjab, Waislamu, Wahindu na Wasikh. Nitajie majina matano.

Sasa utaniuliza, kijana, umeamkia upande gani leo? Umekuwaje msemaji wa Makalasinga? Ngoja nikueleze.

Miezi michache iliyopita nilisafiri kwenda Mombasa na mpwa wangu wa miaka saba. Kama ilivyo desturi ya wasafiri wengi wa barabara ile, tukasimama Makindu, kwenye gurudwara iliyojengwa mwaka 1926 na Wasikh wa reli. Kama hujawahi kusimama pale nakuhurumia. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa, unakula. Dengu, chapati, wali, chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza dini yako wala kabila lako, na hakuna anayekuletea bili. Dereva wa lori anakula kando ya daktari.

Aliyetupakulia ni mzee mmoja mwenye kilemba cheupe na ndevu ndefu, Kiswahili chake kina lafudhi ya Ukambani kabisa. Mpwa wangu akamkodolea macho, kisha akaniuliza kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, "Anko, huyu ni Kalasinga?"

Mzee akacheka. "Ndiyo kijana, mimi Kalasinga."

Mtoto akageuka kwangu tena. "Kalasinga kama yule wa kichekesho?"

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mzee hakusema neno. Alimwongezea mtoto dengu, akampangusa ukingo wa sahani, akaenda kwa mtu mwingine.

Unajua ni kichekesho gani? Kile cha Kalasinga na askari wa trafiki, chenye "veve" na "vapi" nyingi. Na unajua mtoto alikitoa wapi? Kwangu mimi. Nilikisimulia sebuleni kwa dada sikukuu ya Krismasi, watu wakavunjika mbavu, naye alikuwa amekaa chini anachezea gari lake. Alikuwa hajawahi kumwona Msikh kwa karibu, hajui jina la hata mmoja, lakini kichekesho alishakibeba. Siku alipokutana na binadamu mwenyewe, tena binadamu anayempa chakula bure, akamtafutia mahali pake kwenye kichekesho.

Njia nzima kutoka Makindu hadi Mtito Andei nilikuwa napigwa maswali. Kwa nini wanafunga kilemba? Kwa nini tumefunika kichwa? Kwa nini hawataki pesa, wanataka nini basi? Wamezaliwa hapa? Ni Wakenya? Mimi, mwanahabari wa gazeti, ninayelipwa mshahara kuuliza na kujibu maswali, nilibabaika kama mwanafunzi aliyeingia mtihani bila kusoma.

Niliporudi Nairobi nikaingia maduka ya vitabu. Nilipitia manne, katikati ya jiji na nje kidogo. Nilitafuta kitabu cha mtoto, cha Kiswahili, kinachoeleza Wasikh ni akina nani na wamefikaje hapa. Nikakuta sungura na fisi, nikakuta binti wafalme wa Ulaya wenye nywele za dhahabu, nikakuta dinosaria wa kila namna. Duka moja kijana wa kaunta alinipeleka kwenye rafu ya waongoza watalii, akanionyesha kitabu cha safari za India. India! Mzee wa Makindu mwenye lafudhi ya Kikamba, nikamtafute New Delhi!

Usiniambie haiwezekani kuandika vitabu vya namna hiyo. Wenzetu walishaandika. Huko India, Anant Pai alianzisha Amar Chitra Katha mwaka 1967, vitabu vya katuni vya historia na hadithi za kale, na Guru Nanak na Guru Gobind Singh ni miongoni mwa waliochorwa humo. Canada, mwaka 2009, Navjot Kaur alitoa A Lion's Mane, habari za mtoto na kilemba chake. Marekani, mwaka 2020, Simran Jeet Singh aliandika na Baljinder Kaur akachora Fauja Singh Keeps Going, kisa cha mzee wa Punjab ambaye utotoni alichelewa kutembea, akaja kumaliza marathoni ya Toronto mwaka 2011 akihesabiwa kuwa na miaka 100. Mzee huyo aligongwa na gari akafariki Julai 2025, lakini watoto wanaendelea kumsoma.

Na hao wa Marekani hawakuandika kwa kujifurahisha tu. Siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Balbir Singh Sodhi alipigwa risasi nje ya kituo chake cha petroli kule Mesa, Arizona, na mtu aliyeona kilemba na ndevu akajiamulia kwamba huyu ni adui. Mwaka 2012 mtu mwingine mwenye chuki aliingia gurudwara ya Oak Creek, Wisconsin, akaua. Najua kitabu cha watoto hakizuii risasi. Lakini mtoto aliyekua akijua kilemba ni nini ana kitu cha kumjibu mtu mzima anayemfundisha kuogopa. Wazazi wale waliliona hilo wakashika kalamu.

Sisi hapa hatujafika kwenye risasi, tushukuru Mungu. Tumefika kwenye kicheko. Lakini usidanganyike kwamba kicheko ni kitu chepesi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, Wasikh wakiwemo, walikuwepo watu waliosherehekea barabarani. Si rahisi kumshangilia jirani yako akifukuzwa kama hadithi yake unaijua. Ukijua tu kwamba ni tajiri na anachekesha, unaweza.

Haya, tuje kwenye hoja za wapinzani, maana nimezisikia zote.

Hoja ya kwanza: hawa watu ni wachache na wana pesa, waandike wenyewe. Ndugu yangu, hapo ndipo tunapokosea. Unadhani hii ni historia yao peke yao? Hebu tumchukue Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana mdogo. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kuchapisha. Mwaka 1935 akaingia katika uongozi wa chama cha wafanyakazi, na hakutaka kiwe cha Wahindi pekee, akafungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote wakati serikali ya mkoloni ilikuwa inatenganisha watu hata vyooni. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni hapa Nairobi, alisimama hadharani akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa. Alikaa kizuizini kule kaskazini, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11!

Sasa niambie, alifungwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Wasikh? Babu yangu alikuwa kibarua enzi hizo. Yule mtu alikaa jangwani miaka 11 kwa ajili ya mshahara wa babu yangu. Halafu leo mjukuu nakaa Krismasi na kuiga sauti yake ili watu wacheke. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hakupewa cheo cha maana, akafa mwaka 1973. Zarina Patel alimwandikia kitabu kizuri mwaka 2006, nimekisoma, nakipendekeza. Ila ni kinene, ni cha Kiingereza na ni cha watu wazima. Mtoto wa darasa la nne wa Kayole atakutana lini na Makhan Singh?

Hoja ya pili: hayo ni mambo ya dini, mzazi ataogopa mtoto wake asije akabadilishwa. Jamani! Ni lini Msikh alikugongea mlango Jumamosi asubuhi kukuhubiria? Mtoto wetu anasoma habari za miungu ya Wagiriki na hajawahi kumchinjia Zeus mbuzi. Kusoma kwamba Guru Nanak alizaliwa mwaka 1469 huko Punjab hakumwondoi mtu kanisani wala msikitini.

Tena visa vyenyewe ni vitamu. Masimulizi ya Wasikh yanasema Nanak alipokuwa kijana baba yake alimpa rupia 20 akafanye biashara yenye faida. Njiani akakuta watu watakatifu wenye njaa, pesa zote akanunulia chakula akawalisha. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akamwambia baba kwamba biashara ndiyo hiyo. Baba, bila shaka, hakufurahi! Mtoto gani wa Kiafrika, aliyewahi kutumwa dukani akarudi na hesabu isiyoeleweka, hatakipenda kisa hicho? Na humo ndimo lilimo jibu la mpwa wangu, kwa nini watu wa Makindu hawataki pesa. Jiko lile la wote, wanaloliita langari, lina zaidi ya miaka 500. Mke wa Guru wa pili, Mata Khivi, anakumbukwa hasa kwa kulisimamia. Wote hukaa chini sakafuni kwenye mstari mmoja, na inasimuliwa kwamba hata mfalme Akbar alipokwenda kumwona Guru Amar Das alikaa chini na watu akala kwanza. Katika nchi ya watu waliogawanywa kwa matabaka ya kuzaliwa, kukaa mstari mmoja na kula kutoka chungu kimoja yalikuwa mapinduzi. Hebu mwambie hayo mtoto anayesoma shule ambapo wenye gari hawachezi na wanaokuja kwa miguu.

Na kilemba? Mwaka 1699, mjini Anandpur, Guru Gobind Singh aliwaunganisha wafuasi wake katika Khalsa. Nywele zisikatwe, bangili ya chuma mkononi, kichana, kisu, na wanaume wakaitwa Singh. Unajua maana ya Singh? Simba. Kwa hiyo pale Tsavo, ndugu msomaji, simba alimvamia Simba. Nipe mtoto wa miaka minane nimweleze hivyo, uone kama atasinzia.

Hoja ya tatu: historia yao ina damu nyingi, haifai kwa watoto. Ina damu kweli. Guru Arjan aliuawa Lahore mwaka 1606, Guru Tegh Bahadur Delhi mwaka 1675. Amritsar, Aprili 13, 1919, askari wa Mwingereza waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika uwanjani bila silaha. Mwingereza mwenyewe alihesabu maiti 379, Wahindi wakasema ni wengi zaidi. Mwaka 1984 jeshi la India liliingia hekalu la Amritsar, Indira Gandhi akauawa na walinzi wake Wasikh, na maelfu ya Wasikh wasio na hatia wakachinjwa Delhi. Ndiyo, si habari ya mtoto wa miaka mitano. Lakini wa miaka kumi na miwili, ambaye tayari kasikia wazazi wakinong'ona juu ya 2007 na 2008 ya hapa kwetu, anaweza kuambiwa kwa lugha yake. Mtoto hamezi damu kwa kuambiwa ukweli, anadhurika anapogundua baadaye kwamba ulimdanganya.

Na hapa nawageukia wazee wangu wa Kisikh, mnisamehe nikisema kwa kinywa kipana. Nanyi mna deni. Machapisho ya kumbukumbu ya jamii yenu niliyobahatika kuonyeshwa yamejaa picha za kamati, orodha ya wafadhili na salamu za viongozi. Ya watoto ni ya Kiingereza au Kipunjabi, kwa watoto wenu. Naelewa kwa nini mmekaa kimya. Walioshuhudia kukimbia kwa Waasia wa Kenya mwaka 1968, na ya Uganda mwaka 1972, walijifunza kuinamisha kichwa na kufanya kazi. Lakini kimya chenu nacho kimetuachia nafasi, nasi tumeijaza vichekesho. Halafu semeni yote. Semeni kwamba Harry Johnston alipokwenda mwaka 1891 kumsimikia Mwingereza utawala katika nchi tunayoiita Malawi leo, alikuwa na askari Wasikh. Semeni kwamba katika ngazi ya mkoloni Mwasia aliwekwa juu ya Mwafrika, na wapo waliokaa hapo wakaridhika. Mtoto akijua hayo ndipo atamwelewa Makhan Singh vizuri, kwamba alikuwa na nafasi ya kukaa kwenye kile kidato akashuka kwa hiari yake.

Hoja ya nne, na hii ndiyo inayoniumiza: hakuna soko. Mwaka jana niliandika hadithi ya kurasa 24 kuhusu Makhan Singh, Kiswahili chepesi, nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja ambaye simtaji. Swali la kwanza aliloniuliza: iko kwenye mtaala? Nikasema ni kitabu cha ziada. Akakuna kidevu. Akasema imeandikwa vizuri, ila kuna tatizo dogo la shujaa. Je, nisingeweza kumfanya Fred Kubai awe shujaa, na huyu Singh awe rafiki yake?

Rafiki yake!

Fred Kubai anastahili kitabu chake, tena kikubwa. Lakini hebu sikia maana ya pendekezo lile. Mtu aliyezuiliwa miaka 11 kwa ajili ya nchi hii anaweza kuingia katika kitabu cha watoto wa nchi hii, bora aingie kama rafiki. Kama mgeni aliyekuja kumsaidia mwenye nyumba. Nilichukua karatasi zangu nikaondoka, sikumaliza hata chai.

Siku ile ndipo nilipoanza kulichukia neno moja. Mchango. Kila tunapowataja Wasikh katika magazeti yetu, na mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo, tunasema wametoa "mchango mkubwa kwa maendeleo ya taifa". Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, akashinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, 1974 na 1976: mchango. Avtar Singh Sohal, aliyecheza hoki katika Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972 kwa jina la Kenya: mchango. Mafundi waliokuwa na karakana ambamo Waafrika wengi walijifunza kuchomelea na kukereza chuma, ujuzi ulioenda kuzaa jua kali: mchango. Mchango ni kitu anachotoa aliyealikwa kwenye harambee, akishatoa anapigiwa makofi anarudi kwao. Mwenye nyumba hatoi mchango, yeye anaishi humo na maisha yake ndiyo historia ya nyumba. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Vyema. Kabila linatambulika gazetini kwa siku moja. Kwa mtoto linatambulika kwa hadithi.

Kwa hiyo sidai vitabu vya kuwashukuru Wasikh, wala vile vya "tujue mila za wenzetu" vyenye picha ya kilemba ukurasa wa kwanza na ya sambusa ukurasa wa mwisho. Nadai hadithi zenye watu ndani yake, kwa Kiswahili, kwa watoto wote. Vitatu tu vya kuanzia. Kimoja cha watoto wadogo kuhusu jiko la Makindu, mtoto anaingia na njaa na maswali, anatoka ameshiba vyote viwili. Cha pili cha miaka minane hadi kumi, Ungan Singh na kambi ya Tsavo, safari hii tusimulie kutoka ndani ya hema, si kutoka kwenye bunduki ya Patterson. Cha tatu cha wakubwa kidogo, Makhan Singh, naye asiwe rafiki wa mtu. Wazee wa gurudwara wasome miswada kabla haijachapwa, maana yapo mambo ambayo mgeni hukosea, kwa mfano namna ya kuwaonyesha Maguru. Na bei isizidi nauli ya matatu ya kwenda na kurudi mjini, hata kama karatasi itakuwa ile ya magazeti.

Na nani aandike? Sisi. Wewe na mimi tuliosoma, tunaojaza mitandao kwa utani kila uchao. Muda wa kubuni kichekesho cha Kalasinga tunao, wa kuandika kurasa 24 tunakosa?

Mimi nimeshaanza. Ule muswada wa Makhan Singh nimeutoa kabatini, nauandika upya. Msomaji wangu wa kwanza ni mpwa wangu, na ni mkali kuliko mhariri wangu wa gazetini. Juzi nilimsomea sehemu ya kule Lokitaung, akanikatiza: "Anko, na watoto wake walikuwa wanakula nini?" Nikafunga daftari. Sikuwa nimefikiria watoto wake hata mara moja. Narudi kusoma.

Disemba tutapita Makindu tena, Mungu akipenda. Nina neno la kumwambia yule mzee, na ningependa nimkute na kitu mkononi.

Ewe unayejua kuchora, nitafute. Wewe mwenye hoja ya tano, ilete hapa chini tuibishanie. Naomba kutoa hoja.